Mjomba Anajibu: Ukiua ili kuokoa watu, wewe ni muuaji?

Toleo lililopita kuna msomaji aliuliza kama mtu anaweza kuua ili kuwaokoa wengine na bado akalala usingizi, nikamjibu kwa mistari minne nikadhani yameisha. Weee! Wasapu ya safu hii imejaa, wengine wameandika kurasa, wengine wametuma sauti ndefu na nyuma yake kuku wanalia. Nimechagua saba. Wanaonijua wanajua nilikaa miaka mingi Mahakama Kuu kama mzee wa baraza, yaani raia anayemshauri jaji, kwenye kesi za mauaji. Mimi sio wakili, kwa hiyo ya sheria nitasema ni ya sheria, na ya kwangu nitasema ni ya kwangu.

Shikamoo mjomba. Mimi ni mlinzi wa usiku kwenye godauni huku Mbagala, nina bunduki ya kampuni. Juzi vijana wawili waliruka ukuta, mmoja ana panga, nikapiga filimbi nikawamulika tochi wakageuka kukimbilia ukutani. Sikufyatua. Sasa supavaiza ananisema kila siku eti nimewaachia, kesho wataua mtu kwingine na damu yake itakuwa juu yangu. Kweli?
*Mlinzi, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Sio kweli, na ukitaka mwonyeshe supavaiza ukurasa huu.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 18 na vidogo vyake 18A mpaka 18C, inakupa haki ya kujitetea wewe, kumtetea mtu mwingine hata kama humjui, na kutetea mali yako au uliyokabidhiwa kulinda. Lakini nguvu utakayotumia iwe ya kadiri, ile inayohitajika kuzuia na sio zaidi. Na haki hiyo inafika mpaka kwenye kuua pale ambapo unaamini kwa dhati, na una sababu za msingi za kuamini, kwamba usipofanya hivyo mtu atakufa au ataumizwa vibaya, au kuna ubakaji, utekaji, uvunjaji wa nyumba, ujambazi, kuchoma moto, mambo ya namna hiyo. Shika hayo mawili pamoja, kuamini kwa dhati NA sababu za msingi, maana tutayarudia mpaka mchoke.

Sasa wale vijana wamekupa mgongo. Panga lipo mkononi ndio, lakini wanaondoka nalo. Ukifyatua hapo unamzuia nani asifanye nini? Unakuwa unamwadhibu kwa alichotaka kukifanya, na kuadhibu sio kazi ya mlinzi. Hiyo hoja ya "kesho wataua" nimeisikia mara nyingi sana mahakamani, kutoka kwa watu waliokuwa kizimbani. Kesho ya mtu huijui, na kama kesho ni sababu basi hakuna kijana wa mtaani atakayebaki.

Wazee wa zamani walishaliona hili. Kwenye Biblia, Kutoka 22, mwizi akikutwa anavunja nyumba akapigwa akafa hakuna hatia ya damu, lakini jua likiwa limeshachomoza, hatia ipo. Usiku huoni ana nini mkononi wala wako wangapi, mchana unaona, unaweza kuita watu, unaweza kumtambua akakamatwa baadaye. Mwizi ni yule yule ila wewe ulichokijua kimebadilika.

Nisije nikaeleweka vibaya, usisubiri mpaka ukatwe. Panga likiinuliwa kuja kwako au kwa mwenzako hakuna jaji mwenye akili atakayekuambia ungehesabu kwanza. Kuna kesi ilitoka Jamaica ikaamuliwa London mwaka 1971, ya Palmer, majaji wakasema mtu aliyeshambuliwa hawezi kutegemewa apime kujitetea kwake kwa mizani ya dhahabu, na kama kwenye joto la dakika ile alifanya alichoona kwa dhati ni cha lazima, huo wenyewe ni ushahidi mzito upande wake. Majirani zetu Kenya kifungu chao cha 17 kinawapeleka moja kwa moja kwenye sheria hizo hizo za Kiingereza.

Na kuna jambo moja sio la sheria, ni langu. Ungefyatua kwa haki ungeenda mwenyewe kituoni usiku ule ule, ungeweka bunduki mezani ukasema nimempiga mtu, nendeni mkaangalie. Mimi hicho ndio kipimo changu cha kwanza, mtu akishaua halafu akaanza kupanga maneno na wenzake najua kuna shida.

Mjomba habari za kazi. Ninaandika huku nalia. Mtoto wa dada yangu ana miaka 16, baba yake wa kambo alikuwa anampiga mama yake kila akilewa. Siku hiyo alimkaba shingo mpaka dada akazimia, kijana akachukua mchi akampiga kichwani, akaanguka. Akampiga tena. Amekufa. Kijana yuko mahabusu kwa kesi ya mauaji. Watu wa ukoo wa marehemu wanasema lazima anyongwe.
*Mama mdogo, Kahama*

Pole sana dada yangu, pole kwa wote mpaka marehemu maana naye alikuwa wa watu.

Kwanza la kunyongwa lifute kichwani. Aliyekuwa chini ya miaka 18 wakati wa tukio hapewi adhabu ya kifo hapa Tanzania, na hata watu wazima waliohukumiwa kifo hakuna aliyenyongwa tangu 1994. Tafuta cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki leo hii, sio wiki ijayo, maana umri ukibishaniwa bila karatasi mtazunguka sana. Sheria ya Mtoto ya 2009 ina utaratibu wake kwa watoto walio kwenye mgogoro na sheria, kwa hiyo ulizeni afisa ustawi wa jamii wa wilaya, na hakikisheni kijana hachanganywi na watu wazima.

Pili, dada yako akapimwe, kama hajapimwa. PF3, ile fomu ya matibabu, ichukuliwe polisi, alama za vidole shingoni zionwe na daktari ziandikwe kabla hazijapotea. Ndugu mmoja wa kuaminika akumbuke ni nani mtaani aliwahi kusikia kelele, mjumbe gani aliwahi kusuluhisha. Yote hayo yanaonyesha kwamba kijana alikuwa na sababu ya msingi kuamini mama anakufa.

Sasa kipande kigumu, na sitakudanganya. Pigo la kwanza mimi sina neno nalo. Mama amekabwa, amezimia, mtoto wa miaka 16 hana nguvu za kumtoa mwanaume mzima kwa mikono, ameshika kilichokuwa karibu. Kama lingeishia hapo na mtu akafa, ningesema kijana ametetea uhai wa mama yake na sheria ipo upande wake. Kesi yote itakuwa kwenye lile la pili. Yule mtu alikuwa anainuka? Mkono ulikuwa bado shingoni? Au alikuwa chini hajitambui na kijana akapiga kwa miaka yote ile ya kuangalia mama anapigwa? Sheria yetu kifungu cha 18B inasema waziwazi kwamba ukizidisha nguvu kwenye kujitetea na mtu akafa, hilo ni kosa la kuua bila kukusudia, na kuua bila kukusudia ni mbali sana na mauaji kwa adhabu, jaji ana uhuru wa kupima kuanzia chini kabisa.

Msimfundishe cha kusema. Nasema tena msimfundishe. Kijana aliyekariri anajulikana akifungua mdomo tu. Aseme ilivyokuwa, hata ile hasira aiseme kama ilikuwepo, maana hasira ya mtoto anayeona mama amelala kama maiti kila mtu mahakamani anaielewa, ila uongo mdogo ukigundulika unaua na ukweli uliokuwa pembeni yake. Kwenye kesi ya mauaji serikali inawajibika kumwekea wakili, lakini msikae kusubiri, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, kuna wasaidizi wa kisheria wilayani, kuna Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kuna TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, gongeni milango yote.

Na wewe na dada yako msije mkamwambia huyo mtoto kwamba ni shujaa. Wala msimwambie ni muuaji. Ana miaka 16 na ameona mtu anakufa kwa mkono wake, huyo anahitaji mtu wa kukaa naye bila kuongea.

Mjomba mimi naona mnaremba tu mambo. Huku kwetu polisi wakikamata mwizi kesho yuko mtaani anakucheka. Wananchi wakimchoma wanalinda watoto wao na mali zao. Kosa liko wapi?
*Mwananchi mwenye hasira kali, Dodoma*

Umejiita mwenyewe jina la kwenye magazeti, sawa. Uko Dodoma kwa hiyo nitakujibu kwa ya Dodoma.

Oktoba 2016 kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, kilifika gari na watu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, wamekuja kuchukua sampuli za udongo. Uvumi ukapita kwamba ni wanyonya damu. Watu wakakusanyika wakawaua watatu, watafiti wawili na dereva wao, wakawachoma moto na gari likachomwa. Watu watatu waliokuja kupima udongo ili wakulima wavune vizuri!

Sasa jiulize, wale waliorusha mawe walikuwa wanajiona wauaji? Hata kidogo. Walikuwa wanalinda watoto wao, kama unavyosema. Nina hakika wengi wao waliamini kwa dhati kabisa, na ukiwapima kwa imani peke yake hawana kosa. Ndio maana sheria haikuishia kwenye kuamini kwa dhati, ikaongeza sababu za msingi. Sababu yao ilikuwa nini? Gari geni, watu wanachimba udongo, mtu amepiga kelele. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na jeraha, hakuna mtoto aliyepotea mkononi mwao, na walikuwa wameshashikwa, wanaweza kufungwa kamba wakasubiri polisi hata siku nzima.

Twende Usukumani sasa. Miaka na miaka bibi vizee wameuawa kwa mapanga Shinyanga, Mwanza, Geita, kwa sababu macho mekundu na mtoto wa jirani kafa. Macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka hamsini. Waliowaua nao watakuambia walikuwa wanaokoa ukoo mzima usiishe kwa kurogwa. Mtu akiniambia "tunalinda wasio na hatia" mimi siku hizi ndio kwanza nakaa sawa nimwangalie vizuri, maana karibu kila mauaji ya kikundi niliyoyasikia yalianza na sentensi hiyo.

Halafu turudi kwa mwizi wako. Ameshakamatwa, amefungwa mikono, yuko katikati ya watu mia na tairi linatafutwa. Hatari iko wapi? Hapo hatari ni nyinyi. Na asubuhi yake polisi wakija kuuliza nani alianza, mtaa mzima ulikuwa umelala. Aliyelinda watoto wake angejitokeza.

Kuhusu polisi kumwachia, hilo lalamiko ni la kweli na silipingi, lakini dawa yake ni ushahidi, watu hawaendi kuutoa, kesi inafutwa, halafu wanasema polisi wamehongwa. Wakati mwingine wamehongwa kweli. Bado haikupi kibali cha petroli.

Shkamoo mjomba, sisi chuo tumebishana mpaka saa saba usiku: ungerudi nyuma ukamkuta Hitler, ungemuua ili kuokoa mamilioni? Na kama ni ndio, si ina maana mtu binafsi anaweza kuamua nani afe?
*Mwanachuo, Morogoro*

Marahaba. Najua huko chuo mlianza na Hitler mtoto mchanga, huyo muacheni, mtoto mchanga hajafanya kitu. Tuongee mkubwa, maana hao waliojaribu kumuua walikuwepo kweli, na stori zao zina mafunzo kuliko mashine ya kurudi nyuma.

Kuna seremala mmoja Mjerumani, Georg Elser, mtu wa kawaida asiye na chama kikubwa nyuma yake. Alijua kila tarehe 8 Novemba Hitler anahutubia kwenye ukumbi mmoja wa bia Munich. Mwaka 1939 akawa anaingia jioni anakula kama wateja wengine, halafu anajificha mpaka wakifunga, usiku anachimba nguzo ya nyuma ya jukwaa kidogo kidogo, vumbi anabeba asubuhi. Usiku baada ya usiku, zaidi ya thelathini. Akaweka bomu na saa alizotengeneza mwenyewe. Siku ilipofika ukungu ukafanya Hitler aamue kurudi Berlin kwa treni, akakatisha hotuba, akatoka dakika 13 kabla bomu halijalipuka. Wakafa watu 8. Mmoja wao alikuwa mhudumu wa pale ukumbini, mwanamke aliyekuja kazini tu.

Elser alikamatwa jioni ile ile mpakani akielekea Uswisi. Alipohojiwa alisema alitaka kuzuia damu kubwa zaidi isimwagike. Vita ilikuwa ina miezi miwili tu. Fikiria dakika 13 hizo zingekuwa tofauti, huenda historia yote ingekwenda kwingine, huenda pia angekuja mwingine mbaya zaidi, hatujui na yeye hakujua.

Swali lako la pili ndio zito. Mtu binafsi anaamuaje? Nikimweka Elser pembeni ya wale wa Chamwino, wote waliamini wanaokoa watu. Tofauti ni kwamba Elser alikuwa na sababu ambayo dunia nzima iliiona, nchi zimeshavamiwa, watu wako makambini. Na hakukuwa na polisi wa kuwaita, maana polisi walikuwa wa huyo huyo, mahakama zake, bunge lake. Njia nyingine zote zilikuwa zimefungwa kweli sio kwa kudhani. Mtu anayeishi kwenye nchi yenye mahakama, hata mahakama mbovu, asijifananishe na Elser. Kuna watu wanapenda kumwita kila mwanasiasa wasiyempenda Hitler, hao ndio wa kuogopwa.

Kwa hiyo mimi, na hapa sio sheria, nasema Elser alikuwa na haki ya kumlenga aliyemlenga. Lakini yule mhudumu wa ukumbini hafutiki. Huwezi kusema alikuwa gharama ya kawaida. Aliuliwa na mtu mwema kwa sababu njema na amekufa vile vile.

Aliyenisaidia kufikiri hili ni mchungaji, Dietrich Bonhoeffer, wa Kilutheri. Huyu alikuwa mtu wa amani kabisa, baadaye akaungana na waliopanga kumuondoa Hitler, wale ambao mwenzao, afisa wa jeshi Stauffenberg, aliweka bomu kwenye mkoba chini ya meza tarehe 20 Julai 1944, wakafa wanne na Hitler akapona tena. Bonhoeffer hakusema kuua kumekuwa kutakatifu kwa kuwa aliyelengwa ni shetani. Alisema kuna wakati mtu anabeba hatia kwa ajili ya wengine, anafanya akijua ni hatia, na anaiacha kwa Mungu ahukumu. Aliyekaa pembeni ili mikono yake ibaki misafi hakupona hatia, ameichagua nyingine. Alinyongwa kambi ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Elser naye, aliyeshikiliwa miaka zaidi ya mitano bila kesi, alipigwa risasi Dachau siku hiyo hiyo.

Utaniuliza mbona Elser alikimbia wakati nimesema mwenye haki hujisalimisha. Angejisalimisha kwa nani?

Mjomba as-salaam alaykum. Mimi Mmombasa niko Hamburg. Nauliza ya ndege: ikitekwa ina abiria 200 na inaelekea kugonga uwanja wenye watu 50,000, si hesabu iko wazi? Si watakufa tu hao 200?
*Msomaji, Hamburg*

Wa alaykum salaam. Uko nchi sahihi kwa swali hili. Ujerumani walitunga sheria mwaka 2005 kumruhusu waziri wa ulinzi aamuru ndege kama hiyo idunguliwe. Tarehe 15 Februari 2006 Mahakama ya Katiba ya Karlsruhe ikaifuta. Wakasema abiria na wahudumu ni watu wasio na hatia, wameshatekwa na magaidi wakafanywa silaha, sasa na serikali yao nayo inawachukulia kama sehemu ya silaha ya kuharibiwa. Utu wa mtu haupimwi kwa kilo, na kusema "watakufa tu" hakumpunguzii mtu uhai wake hata kama amebakiza dakika tano. Walisema pia jambo la kawaida ambalo watu wa hesabu hulisahau, kwamba kutoka ardhini hujui kinachoendelea ndani ya ndege. Ila kama ndani kungekuwa na magaidi peke yao, mahakama ilikubali kwamba kwa upande wa utu hakuna tatizo, maana hao wamechagua wenyewe.

Angalia na kilichotokea Marekani 11 Septemba 2001. Marubani wawili wa jeshi walipaa kutoka karibu na Washington bila makombora, wamekubaliana kwamba wakiikuta ndege iliyotekwa wataigonga kwa ndege zao wenyewe. Hawakuikuta. Abiria wa ndege ile walikuwa wameshapata habari kwa simu za nyumbani, wakawavamia watekaji, ikaanguka shambani Pennsylvania, wakafa wote 40, abiria na wahudumu, na watekaji nao wakafa. Waliamua wenyewe, juu ya maisha yao wenyewe. Mimi hapo nainua kofia. Ila mtu aliyekaa ofisini na simu kuamua kwa niaba yao ni kitu kingine.

Nikuambie ninachofikiri? Karlsruhe walikuwa sahihi kukataa kuiandika iwe sheria. Ukishaiandika, siku nyingine watatafuta ndege ndogo zaidi ya kuitungua, halafu boti, halafu nyumba. Na bado naweza kumwelewa waziri ambaye siku hiyo, uwanja umejaa, anaamuru, halafu kesho yake anakwenda mahakamani bila kusukumwa na kusema niliua watu 200, nihukumuni. Najua hilo halijakaa sawa kisheria, wanasheria mtanitukana, poa.

Mjomba, dini inasemaje? Naona unaongea sheria za wazungu tu.
*Msomaji, Unguja*

Fupi maana nafasi inakwisha. Al-Maida aya ya 32, anayemuua mtu asiyeua wala kufanya uharibifu katika nchi ni kama ameua watu wote, na anayemuokoa mmoja ni kama ameokoa wote. Aya chache juu yake, ya 28, Habil anamwambia ndugu yake ukininyooshea mkono kuniua mimi sitakunyooshea wangu. Kwa hiyo kuna njia ya Habil, na kuna hadithi inayosema anayeuawa akitetea mali yake ni shahidi, zote zipo. Mafakihi wakalipanga vizuri: mshambuliaji anazuiwa kwa kilicho chepesi kwanza, ukelele ukitosha usipige, mkono ukitosha usichukue fimbo, fimbo ikitosha usiguse silaha. Upande wa Wakristo Tomaso wa Akwino, karne ya 13, alisema karibu yale yale, kwamba ukijitetea unakusudia kuokoa uhai na kifo cha mwingine kinakuja nje ya kusudio lako, lakini ukitumia nguvu kuliko iliyohitajika haijawa halali tena. Ukisoma hayo halafu ukasoma kifungu cha 18B utadhani walikaa baraza moja kunywa kahawa.

Mjomba mbona nyinyi wanaume mkisema kulinda watu ni risasi na mabomu tu? Hakuna aliyelinda bila kuua?
*Mama wa watoto watatu, Garissa*

Wapo, na wewe uko karibu nao kuliko mimi. Novemba 2014 Al-Shabaab walisimamisha basi Mandera, wakawatenga wasio Waislamu wakawaua watu 28. Desemba mwaka uliofuata wakasimamisha jingine huko huko. Wakaamuru watu wajitenge, Waislamu huku, Wakristo huku. Waislamu wakakataa. Akina mama walikuwa wameshawagawia hijabu abiria wenzao, na watu wakawaambia wenye bunduki muuwe wote au mtuache. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alikuwa kati ya waliokataa, akapigwa risasi, akafariki hospitali Nairobi Januari 2016. Kundi lile liliondoka bila kufanya walichokuja kufanya.

Hao hawakuwa na kitu mkononi. Sisemi kila mara inafanikiwa, mwaka 2014 ilikuwa tofauti, na mtu mwenye bunduki angeweza kuwamaliza wote kwenye lile basi. Siwezi pia kumwambia mama mwenye mtoto mapajani kwamba alitakiwa kukataa, angeshuka akajitenga nisingemlaumu. Lakini umeuliza kama wapo. Wapo, na swali lako la pili, la mwanao anayetaka kuingia polisi, litumie tena kwa maandishi maana sauti yako ilikatika katikati.